MKATE WENYE TUNDU: KIJANA WA KIITALIANO ALIVYORITHI BEKARI YA MZEE WA KIYAHUDI

Leo naomba tuache siasa na mpira kidogo, tuongelee mkate. Najua kuna mtu atasema huyu jamaa kaishiwa habari. Subiri kwanza, usifunge ukurasa.

Hii ni habari ya bekari moja iliyoko Montreal, Kanada. Ilianzishwa na mzee wa Kiyahudi aliyetoka hai kwenye kambi ya mateso ya Manazi, na baadaye ikaja kuwa mikononi mwa familia ya Kiitaliano. Hakuna aliyepora, wala hakukuwa na vita ya mirathi kama tulivyozoea. Mzee alimfundisha kazi mtoto wa watu, mtoto akakaa, akaiva, akawa mbia, mwisho akawa mwenye mali. Kwa sisi vijana tuliomaliza shule na cheti kiko kwenye bahasha kinapigwa na vumbi, hapo pana jambo la kuzungumza. Swali langu la leo ni moja tu: ufundi ni mali ya nani? Ya ukoo, au ya anayekubali kuamka saa tisa usiku kukanda unga?

Twende taratibu.

BEIGELI NI KITU GANI?

Beigeli ni mkate wa duara wenye tundu katikati. Ukiuona kwenye picha unaweza kusema ni donati. Siyo. Donati inakaangwa kwenye mafuta, ni laini na tamu. Beigeli haigusi mafuta ya kukaangia. Inachemshwa kwanza kwenye maji, halafu ndiyo inaokwa. Umesoma sawasawa: mkate unachemshwa kama mhogo kabla ya kuingia kwenye tanuri.

Kwa nini uchemshe mkate? Jibu unalo hapo nyumbani kwako. Unajua unga wa ugali ukikutana na maji ya moto unavyovimba na kushikana? Ni wanga ule. Sasa beigeli mbichi ikitumbukizwa kwenye maji yanayochemka, wanga wa nje nao unavimba na kushikana, unatengeneza kama ngozi kuizunguka. Hamira iliyoko karibu na ngozi hiyo inakufa kwa joto. Kwa hiyo ukiingiza kwenye tanuri, mkate hauwezi kuumuka sana kama mkate wa slesi, maana ngozi imeshaubana. Ndani unabaki umeshikamana na ni mzito, unatafuna kweli kweli, na nje unapata ganda linalong'aa. Ukiruka hatua ya kuchemsha, ulichopata ni skonzi yenye tundu, basi.

Sasa beigeli ya Montreal ina mambo yake. Ni nyembamba na tundu lake ni kubwa kuliko ile ya New York. Kwenye kinyunya chake wanatia mayai na kimea, na kwa desturi hawatii chumvi. Maji ya kuchemshia yanatiwa asali. Na tanuri ni la kuni. Ile ya New York ni nene zaidi, ina chumvi, na siku hizi kwa kawaida inaokwa kwenye tanuri la gesi au umeme. Watu wa miji hii miwili wakianza kubishana ni ipi kali, ni kama Simba na Yanga, usikae katikati.

Ukiingia kwenye bekari yenyewe, kazi inafanyika mbele ya macho yako. Hakuna kuficha. Mtu mmoja anasimama mbele ya donge kubwa la kinyunya. Anakata ukanda, anausukuma kwa viganja mpaka uwe kama kamba, anauzungusha kwenye mkono wake, anabana ncha mbili kwa kuzisugua mezani, anakata. Tayari duara. Mkono haupumziki, na macho mara nyingi hayaangalii hata anachofanya. Kisha mengi kwa pamoja yanatumbukizwa kwenye sufuria kubwa la maji ya asali. Yakitoka yanagaragazwa kwenye ufuta au mbegu nyeusi ndogo ndogo, yanapangwa kwenye ubao mwembamba mrefu, na ubao unasukumwa ndani ya tanuri. Mwokaji anayageuza, anayahamisha sehemu yenye joto zaidi, anavuta yaliyoiva. Tanuri la kuni halina kitufe cha kupandisha joto. Upande mmoja kuna moto, mwingine hauna, na joto linabadilika kila ukiongeza gogo. Anayejua ni jicho la mwokaji tu.

Kumbuka hilo jicho, tutarudi kwalo.

ILIKOTOKEA

Kuna hadithi maarufu kwamba beigeli ilibuniwa mwaka 1683 mjini Vienna, ati mwokaji mmoja alitaka kumpa heshima mfalme wa Polandi, Jan Sobieski, aliyewashinda Waturuki, akatengeneza mkate wenye umbo la kikanyagio cha farasi. Hadithi tamu, ila haisimami. Kuna kanuni za jumuiya ya Wayahudi wa Krakow, Polandi, za mwaka 1610, na humo beigeli imeshatajwa: ilikuwa moja ya zawadi zilizoruhusiwa kupewa mwanamke aliyejifungua. Yaani miaka 73 kabla ya hiyo vita, watu walikuwa wameshaanza kupelekeana beigeli kwa mama mzazi, kama sisi tunavyopeleka uji na supu. Hata neno lenyewe ni la Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na asili yake ni maneno ya Kijerumani cha zamani yenye maana ya pete au bangili.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Wayahudi wengi walihama Polandi, Urusi na nchi jirani kwa sababu ya umaskini na mashambulizi dhidi yao. Wengine walikwenda New York, wengine London, wengine Montreal. Walibeba walichoweza kubeba. Ufundi hauna uzito kwenye meli, na hakuna ofisa wa bandari anayeutoza ushuru.

MONTREAL, 1919

Mmoja wa waliofika Montreal ni Isadore Shlafman. Mwaka 1919 alifungua bekari ya beigeli kwenye kichochoro karibu na barabara ya Saint-Laurent. Barabara hiyo ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa wahamiaji: Wayahudi, baadaye Waitaliano, Wagiriki, Wareno, kila mtu alianzia humo. Mwaka 1949 Shlafman alihamia kwenye nyumba iliyoko mtaa wa Fairmount, bekari chini na familia juu. Ndiyo ikawa Fairmount Bagel, ambayo hadi leo inashikiliwa na wajukuu na ukoo wake.

Ila msije mkasema nimewapa upande mmoja. Kuna jina lingine, Chaim Seligman, naye alikuwa mwokaji wa beigeli wa mwanzo mwanzo Montreal, na aliwahi kufanya kazi pamoja na Shlafman. Ndugu na marafiki wa kila upande wanadai mtu wao ndiye aliyeileta beigeli mjini. Ubishi huo umedumu miaka mingi na mimi sitautatua kutoka kwenye kiti cha kafe. Tosheka na hili: walikuwepo wote wawili, na mikono yao yote ilisaidia.

1957: MZEE LEWKOWICZ

Mitaa michache tu kutoka Fairmount kuna mtaa wa Saint-Viateur. Eneo hilo lote linaitwa Mile End. Mwaka 1957 Myer Lewkowicz alifungua hapo bekari yake, St-Viateur Bagel.

Huyu mzee alizaliwa Polandi. Wakati wa vita kuu ya pili alipelekwa Buchenwald, kambi ya mateso ya Manazi iliyokuwa karibu na mji wa Weimar, Ujerumani. Kambi hiyo ilikombolewa Aprili 1945 na wanajeshi wa Marekani. Waliotoka humo hai wengi hawakuwa na kijiji cha kurudi. Watu wao walishauawa, nyumba zao zilishachukuliwa na wengine. Lewkowicz alifika Montreal miaka ya 1950. Nguvu zake zote akaziweka kwenye unga, maji ya asali na moto wa kuni.

Hebu fikiria kidogo. Mtu aliyepitia hayo akisema kuanzia leo sitaki mtu baki karibu yangu, nani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu.

1962: DOGO ANAINGIA

Mwaka 1962 alifika pale kijana mmoja kutafuta kazi, Joe Morena, bado mdogo wa umri wa shule ya sekondari. Familia yake ilitoka Italia. Siyo Myahudi, hajui Kiyidishi, hajui hata mikate hiyo kwao ililiwa lini. Mzee akampokea.

Kazi ya bekari wote tunaijua. Usiku ndiyo mchana wako. Mikono inaungua. Kiangazi unakaa mbele ya moto wakati wenzako wako ufukweni. Dogo alikaa. Akajifunza kuzungusha beigeli, akajifunza kusoma moto. Akajifunza hata kuongea Kiyidishi, maana ndiyo lugha iliyokuwa ikitumika jikoni na kwa wateja wengi. Mwaka 1974, miaka 12 baada ya kuanza, akawa mbia wa mzee. Na miaka ya 1990 bekari ikawa yake yeye na mwenzake, kisha watoto wake wakaingia kwenye kazi.

Kwa hiyo leo hii mtu anaenda Montreal, anauliza beigeli halisi ya Kiyahudi iko wapi, anaelekezwa kwa familia ya Kiitaliano. Na hakuna anayecheka. Utaratibu ni ule ule wa mzee: mkono, asali, kuni.

Najua kuna mjanja atauliza, mbona Fairmount imebaki kwenye ukoo na bado ipo? Kweli kabisa. Sisemi kurithisha mtoto wako ni vibaya. Ukoo wa Shlafman umejitahidi, umetunza kazi ya babu yao zaidi ya miaka 100. Ninachosema ni kwamba siyo kila mzee ana mtoto anayetaka kukaa mbele ya tanuri. Akikosekana, mzee ana njia mbili: amfundishe mtu baki, au afe na ufundi wake. Lewkowicz alichagua ya kwanza, na ndiyo maana mitaa hiyo ina bekari mbili mpaka leo.

WENZAO WA NEW YORK

Ili uone uzito wa uamuzi huo, angalia New York.

Kule waokaji wa beigeli walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, tawi namba 338. Kilikuwa na wanachama kama 300 tu, lakini kilishika jiji. Vikao vyao vilifanyika kwa Kiyidishi. Ukitaka kuingia, ilibidi baba yako au ndugu yako wa karibu awe mwanachama. Mtu baki hapati nafasi. Tuwe wakweli, chama hicho kilifanya mengi mazuri. Kabla yake waokaji walikuwa wanafanya kazi kwenye vyumba vya chini ya ardhi, joto kali, uchafu, masaa hayahesabiki. Chama kiliwapatia mishahara ya maana na heshima. Mwaka 1951 kulipotokea mgogoro na wenye bekari, beigeli ziliadimika New York nzima mpaka magazeti yakaandika kuwa kuna njaa ya beigeli. Watu 300 hao!

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 jamaa mmoja, Daniel Thompson, alitengeneza mashine ya kuviringisha beigeli ambayo ilifanya kazi kweli. Familia ya Lender, iliyokuwa na bekari yake New Haven tangu 1927, ilianza kuitumia mwaka 1963. Wakaoka, wakagandisha kwenye barafu, wakapeleka kwenye maduka makubwa Marekani nzima. Mashine haihitaji baba yako awe nani. Mtu asiye na ufundi wowote anafundishwa kwa muda mfupi jinsi ya kuiendesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kile chama hakikuwepo tena kama chama kinachojitegemea.

Sasa, siwezi kuapa kwamba wangefungua mlango wangeokoka. Mashine ingekuja tu. Pia lazima niseme ukweli mwingine: beigeli ilienea dunia nzima kwa sababu ya mashine hiyo, siyo kwa sababu ya jicho la mwokaji. Lakini angalia ilivyokuwa. Ufundi ulifungiwa ndani ya ukoo ili ulindwe. Ilipofika siku ya shida, waliojua kazi walikuwa wachache, na huko nje wateja wengi hawakujua hata tofauti ya beigeli ya mkono na ya mashine. Montreal kazi ilibaki ya mkono, inafanyika mbele ya mteja, na mlango ulikuwa wazi kwa mgeni. Leo hii watu wanavuka bahari kwenda kuipiga picha.

KWETU JE?

Hapa naomba niwe mkweli kidogo, msinichoke.

Nilipomaliza form four, matokeo yangu hayakuwa ya kunipeleka mbali, nikasema nijifunze kuoka mikate. Kuna bekari moja mtaani, sitaitaja. Nilikwenda asubuhi, nikampa mzee shikamoo, nikamweleza: sitaki mshahara kwa miezi mitatu, nataka nijifunze tu. Mzee alinisikiliza vizuri, akaniagizia hata chai. Kisha akasema, "Mwanangu, hapa tunafundishana sisi kwa sisi, watoto wa nyumbani. Wewe tafuta kwenu." Nikashukuru kwa chai, nikaaga.

Sikumchukia. Nadhani aliogopa nikishajua nitafungua yangu ng'ambo ya barabara nimharibie. Ni hofu ya kweli hiyo, biashara ni ngumu. Lakini watoto wake wawili ninaowafahamu, mmoja yuko chuo anasomea uhasibu na mwingine anaendesha bodaboda, na wote wameshanambia hawataki kusikia habari ya unga. Sasa najiuliza, mzee akichoka, yale mandazi yake ambayo mtaa mzima tunayasubiri saa kumi na mbili asubuhi nani atayapika?

Na siyo mikate tu. Mafundi cherehani, mafundi wa majahazi, waganda ngoma, wahunzi: ni wangapi wanakaa na kazi yao kama siri ya ukoo, na ukoo wenyewe hauitaki? Fundi anazikwa, mtaa unabaki kununua vya plastiki. Wengine wanakupokea, lakini unakaa miaka miwili unatumwa sigara na kuosha vyombo, ile sehemu yenyewe ya ufundi anaifanya ukiwa umetumwa dukani! Wadau mnaocheka najua yamewakuta.

MTAA UMEBADILIKA, MOTO HAUJAZIMWA

Turudi Montreal tumalizie.

Baada ya vita Wayahudi wengi walihama Mile End wakaenda vitongoji vya magharibi mwa jiji, ingawa Wahasidi, wale wa dhehebu la kale lenye kanuni kali, wapo mpaka leo. Waliohama nafasi zao zilichukuliwa na Wagiriki, Wareno na Waitaliano, kisha wakaja wasanii kwa sababu kodi ilikuwa ndogo. Mwandishi Mordecai Richler, aliyezaliwa 1931, alikulia mtaa wa Saint-Urbain uliopo hapo hapo jirani, na riwaya zake zimejaa watu wa eneo hilo.

Wapenzi wa gemu mnaokaa kafe mpaka mnafukuzwa, hili ni lenu: mwaka 1997 kampuni ya Ubisoft ilifungua studio yake Montreal, kwenye jengo la kiwanda cha zamani cha nguo pembeni mwa mtaa huo huo wa Saint-Viateur. Prince of Persia: The Sands of Time ya 2003 na Assassin's Creed ya kwanza ya 2007 zimetengenezwa na studio hiyo. Kwa hiyo vijana walioandika programu ya Altaïr kurukaruka juu ya mapaa, bekari ya mzee Lewkowicz ilikuwa jirani yao wa kutembea kwa mguu. Baadaye kodi za nyumba zilipanda, na wale wasanii nao wakaanza kusukumwa nje. Ndivyo miji ilivyo.

Beigeli ya Montreal imefika hata angani. Mwaka 2008 mwanaanga Gregory Chamitoff, mzaliwa wa Montreal, alipokwenda kwenye kituo cha anga cha kimataifa kwa chombo cha Discovery, alibeba beigeli 18 za ufuta za Fairmount. Si mchezo.

Lakini siyo kila kitu ni sifa. Kuna suala la moshi. Montreal kuna baridi kali, na moshi wa kuni ni moja ya vyanzo vikubwa vya chembechembe laini hewani wakati huo. Chembe hizo ni ndogo kiasi kwamba zinaingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na zinaumiza zaidi wenye pumu, watoto na wazee. Oktoba 2018 jiji lilianza kubana majiko ya kuni ya majumbani: kama jiko lako linatoa zaidi ya gramu 2.5 za chembe hizo kwa saa, huruhusiwi kuliwasha, isipokuwa umeme ukikatika kwa muda mrefu. Sheria hiyo ilikuwa ya majumbani, haikuwagusa waokaji moja kwa moja. Lakini majirani wa bekari walianza kuuliza swali ambalo hata mimi ningeuliza: mimi nimezima jiko langu, mbona la beigeli linaendelea? St-Viateur waliweka mitambo ya kuchuja moshi kwenye tanuri zao.

Mimi naona walifanya jambo la maana. Kuna watu wanadhani kutunza urithi ni kugoma kubadilisha chochote. Kumbe unachotakiwa kujua ni kipi ndicho chenyewe. Hapo chenyewe ni mkono, maji ya asali na moto. Moshi kuingia kwenye mapafu ya mtoto wa jirani haukuwa sehemu ya mapishi. Sisi tunaopika kwa mkaa na kuni ndani ya vyumba vidogo tunaelewa hilo kuliko wao.

SASA NAWAULIZA

Naambiwa Montreal kuna ndugu zetu wengi, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, maana Kifaransa kinawarahisishia maisha ya kule, na wengi wanakitwanga Kiswahili vizuri tu. Kama upo huko na unasoma hapa, tuandikie. Umewahi kuila ikiwa ya moto, imetoka kwenye tanuri sasa hivi? Ni kweli inaliwa njiani, kabla haijafika nyumbani?

Na ninyi mlioko hapa nyumbani, swali langu ni hili: ufundi unaoujua, wowote ule, kusuka, kutengeneza simu, kupika, kupiga rangi, alikufundisha nani? Ndugu yako au mtu baki? Na wewe umeshamfundisha nani? Fundi mwenye nafasi ya kumpokea kijana asiye wa ukoo wake, aseme yuko wapi na anataka mtu wa namna gani, nitaweka juu kabisa ya ukurasa wiki nzima bila malipo.

Matusi nitafuta. Ubishi wa Fairmount na St-Viateur ruksa. Uwanja ni wenu.